Betri Haijakufa, Imechoka: Kiswahili na Hatima ya Betri za Vyombo vya Umeme

Huenda msomaji akajiuliza betri ya pikipiki inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Kurasa hizi amezoea kuzikuta zimejaa uhakiki wa riwaya, mizozo ya arudhi, na yale malalamiko yetu ya kila mwaka kuhusu hadhi ya lugha. Naomba anivumilie. Neno lililonitia ari ya kuandika makala haya sikulisikia darasani wala sikulisoma katika kamusi. Nililisikia katika karakana ya fundi wa redio na simu mjini Eldoret, nilikoandamana na binamu yangu likizo iliyopita.

Binamu yangu ni mhudumu wa bodaboda. Miaka mitatu iliyopita aliuza pikipiki yake ya petroli akanunua ya umeme pamoja na betri yake, akawa anaichaji nyumbani usiku. Ilipokuwa mpya ilimfikisha kilomita 80 kabla ya kuhitaji moto. Sasa ikifika 55 inazima, naye husukuma chombo hadi nyumbani huku abiria wake wa jana wakimpita kwa kicheko. "Betri imekufa," alimwambia fundi, akaitua mezani kama mtu atuaye maiti. Fundi aliiunganisha na mita yake, akaitazama kitambo, kisha akatikisa kichwa. "Hii haijakufa. Imechoka tu."

Baadaye aliigeuzageuza akitafuta maandishi. Ubavuni palikuwa na karatasi ngumu yenye Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. "Mwalimu, hebu nisomee," akaniambia, maana binamu yangu alikuwa amekwisha kujigamba kwamba nasomea Kiswahili chuo kikuu. Nikasoma. Maneno ya mwanzo yalinitii: usiifungue, usiitie motoni, usiitumbukize majini. Nilipofika kwenye onyo la kutogusanisha ncha mbili za betri, nikaanza kusema "mzunguko mfupi wa mkondo wa umeme" na fundi akanikodolea macho. "Unamaanisha shoti?" Nikakubali kwamba ndiyo, shoti. Nilipofika kwenye kiwango cha volti ambacho seli haipaswi kushuka chini yake, nilinyamaza kabisa. Kumbe nilikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili na sikuweza kumweleza Mkenya mwenzangu, kwa Kiswahili, ni kitu gani kingeweza kumuunguza mikono.

Tuanze na neno lake. Betri ya lithiamu haizimiki ghafla mithili ya taa ya koroboi iliyoishiwa na mafuta. Uwezo wake hupungua kidogo kidogo kwa jinsi inavyochajiwa na kutumika, na kwa joto linaloipata. Wahandisi aghalabu huistaafisha betri ya gari au pikipiki inapobakiwa na asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake wa awali, kwa kuwa chombo cha barabarani kinadai mwendo, nguvu za kupanda mlima na wepesi. Taa ya nyumbani haidai lolote kati ya hayo. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wetu ni jogoo wa mjini aliyeishiwa na sauti ya mjini, lakini shamba bado angewika vizuri sana.

Hebu tupige hesabu, ingawa sisi wa fasihi tunazikimbia. Tuchukue betri ya pikipiki iliyokuwa na uwezo wa kilowati-saa 3 ikiwa mpya. Ikibakiwa na asilimia 70, ina kilowati-saa 2.1, yaani wati-saa 2,100. Taa nne za LED za wati 5 kila moja zikiwaka kwa saa tano hutumia wati-saa 100. Ongeza runinga ndogo ya wati 40 kwa saa nne, na simu mbili za kuchajiwa; jumla haifiki wati-saa 300 kwa usiku mmoja. Betri ambayo binamu yangu aliitangazia kifo ingeihudumia nyumba kama hiyo kwa siku tano au sita pasipo kuchajiwa. Ukiiweka chini ya paneli ya sola, nyumba isiyofikiwa na nguzo za stima inapata miaka kadhaa ya mwanga kutokana na kitu kilichokuwa kinaelekea jaani.

Wengine hawakungoja betri ichoke ndipo wafikiri. Kampuni ya Nissan ilipotoa gari lake la umeme, Leaf, mwaka 2010, ilianzisha pamoja na Sumitomo kampuni iitwayo 4R Energy mwaka huohuo, kazi yake ikiwa kuzishughulikia betri zitakapotoka barabarani. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilifungua kiwanda katika mji wa Namie, mkoani Fukushima. Mwaka huohuo, uwanja wa kandanda wa Johan Cruijff mjini Amsterdam uliwekewa hifadhi ya umeme ya megawati 3 iliyojengwa kwa betri zenye uwezo sawa na za magari 148 ya Leaf, baadhi mpya na baadhi zilizokwisha kutumika. Mashabiki wanaoshangilia bao usiku hawajui kwamba sehemu ya mwanga unaowamulika huenda imehifadhiwa katika betri iliyowahi kumpeleka mtu sokoni.

Magari hayohayo ya Leaf yanatufikia sisi kwa njia ya mtumba. Kanuni zetu zinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo wengi huagiza lililokaribia umri huo kwa kuwa ndilo rahisi. Kwa gari la petroli hilo ni sawa; injini itasukumwa miaka mingine ishirini na mafundi wa Kirinyaga Road. Kwa gari la umeme, mnunuzi amenunua betri iliyokwisha kula chumvi nyingi, na siku itakapochoka kabisa itakuwa mikononi mwake yeye, si ya aliyeitengeneza. Tumeagiza gari, na ndani yake tumeagiza taka ya kesho.

Pana afadhali upande wa pikipiki. Kampuni kama Ampersand, iliyoanzia Kigali, na Spiro, zinatumia mtindo wa kubadilishana betri: mhudumu anafika kituoni, anaacha iliyokwisha moto na kuchukua iliyojaa, anaondoka. Betri si yake. Inarudi kwenye mlango mmoja kila mara, na mwenyewe anajua imechajiwa mara ngapi na imepata joto kiasi gani. Nauona mtindo huu kuwa bora kuliko ule wa binamu yangu, wala sisemi hivyo kwa ajili ya faida ya kampuni yoyote. Betri yenye historia inayojulikana inaweza kupangiwa kazi ya pili. Betri isiyo na historia ni kama mgonjwa asiye na cheti, kila daktari anaanza upya. Wala kazi ya pili si rahisi hivyo. Kupima seli moja moja kunagharimu muda, na bei ya betri mpya za lithiamu imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010, hata mtu akajiuliza kwa nini ahangaike na kuukuu.

Lakini hakuna betri isiyokufa. Baada ya barabara na baada ya sebule, siku inafika ambapo hata taa haiwaki. Hapo ndipo inapovunjwavunjwa ili madini yaliyomo yapatikane tena, na hapo ndipo, mpenzi wa Kiswahili, historia ya lugha yetu inapoingia kwa mlango ambao hatukuutarajia.

Kobalti inayotumika duniani, kwa kiasi cha takribani asilimia 70, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Kolwezi na viunga vyake katika eneo la Katanga ya zamani. Anayeishusha mikono shimoni kuitafuta ni Mswahili kwa lugha, maana Kiswahili cha Katanga ndicho kinachosemwa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kilifikaje huko? Tunafundishwa habari za misafara ya pembe na Msiri wa Garenganze, na ni kweli. Ila kilichokikita lugha hiyo mijini ni migodi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na katika makambi na mashimo yake Kiswahili kikawa lugha ya kazi: lugha ya kuhesabia zamu, ya kuamrishia na, bila ya shaka, ya kulaania msimamizi akigeuza kisogo. Katika miaka ya 1966 na 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha mali ya kampuni hiyo nchini Kongo. Wengi wetu, tunapofika hapo, tunafunga kitabu.

Kitabu hakikufungwa. Kampuni mama iliendelea kuishi Ubelgiji, na mwaka 2001 ikachukua jina jipya, Umicore. Leo Umicore ni miongoni mwa majina yanayojulikana sana ulimwenguni katika urejelezaji wa madini, na katika kiwanda chake cha Hoboken, karibu na Antwerp, betri zilizochakaa hutiwa tanuri ili kobalti, nikeli na shaba zitolewe tena. Waliochimba Katanga kwa Kiswahili sasa wanachimba betri za Ulaya, bila ya kuvuka bahari. Wataalamu wana jina lao la kazi hii: migodi ya mjini.

Siwalaumu kwa kuchimba takataka zao. Kila kilo ya kobalti itokayo kwenye betri kuukuu ni kilo ambayo mtoto wa Kolwezi hakuingia shimoni kuitafuta, na nani asiyelitaka hilo? Ninachokiuliza ni nani aliyekaa mezani wakati mzunguko huo ulipochorwa. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inaagiza kwamba kufikia mwaka 2031 asilimia 16 ya kobalti katika betri mpya za magari iwe imetokana na urejelezaji, na kwamba wanaorejeleza waopoe asilimia 95 ya kobalti na asilimia 80 ya lithiamu. Ni sheria nzuri kwa Ulaya. Huko Kolwezi maana yake ni kwamba mteja anajifunza taratibu kuishi bila yako, baada ya kuondoka na madini, na asikuachie hata ujuzi wa kuyaopoa mara ya pili.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko pabaya kwa namna nyingine. Betri nyingi za pikipiki zetu ni za aina ya chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli. Ni salama zaidi, zinadumu zaidi, na ni rahisi zaidi. Ila kwa kuwa hazina kobalti wala nikeli, mwenye tanuri wa Hoboken hana haja nazo. Thamani ya kinachopatikana haitoshi kulipia kazi ya kukipata. Hakuna meli itakayokuja Mombasa kuziomba. Zitakufa hapahapa, na atakayezipasua ni yule fundi wa redio na simu, mwenye mita, bisibisi na ujasiri.

Anayedhani kwamba kupasua betri ni jambo la kuokoa mazingira daima, na aende Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu wapatao elfu tatu huko Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za kawaida za magari kilianza kazi ukutani pa mtaa huo, kikitoa madini ya risasi ili yatumike tena. Tukitumia lugha ya leo, huo ulikuwa uchumi wa mzunguko: betri kuukuu ziliingia, risasi ikatoka, hakuna kilichotupwa isipokuwa moshi na majitaka. Majitaka yalipita milangoni mwa watu. Kuku walikufa, mimba ziliharibika, watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo mwaka 2009, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Akaacha kazi akaanza vita vilivyomletea kukamatwa na, mwaka 2015, Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka kumi na saba siku ya hukumu hiyo.

Neno "risasi" lina maana mbili katika Kiswahili, na huko Owino Uhuru zilikutana.

Nauleta mfano huo kwa sababu ya lugha pia. Kiwanda cha aina ile kinatarajiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini za namna hiyo nchini mwetu huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Wanaoishi ukutani pa kiwanda husema Kiswahili, na neno "sumu" wanalijua tangu utotoni. Pengo kati ya karatasi na kiambaza ndimo moshi unamopita.

Betri za lithiamu hazina risasi. Zina hatari zake. Ikitobolewa au ikipigwa shoti, seli moja hupata joto, joto likaiamsha jirani yake, na moto ukapita kutoka seli hadi seli kwa namna ambayo blanketi na mchanga haviuzuii kwa urahisi. Moshi wake huwa na gesi ya floridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu. Betri nzima ya gari ina volti mia tatu au mia nne, za kutosha kumuua fundi papo hapo. Hakuna hata moja kati ya habari hizi niliyoweza kuisoma kwa Kiswahili kwenye betri ya binamu yangu.

Sasa tugeukie maneno, maana hapo ndipo penye sehemu yetu. Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022. Ndani yake mna wazo zuri sana: kwamba anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini anawajibika nayo hata baada ya kuiuza, mpaka siku inapokuwa taka. Wazo hilo nani amelieleza kwa Kiswahili kinachoweza kusemwa katika stendi ya bodaboda? Nimeona "wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji". Kisarufi haina kosa. Nilimjaribia binamu yangu akaniuliza mzalishaji amepanuka vipi. Nilipomwambia, "Aliyekuuzia lazima airudishe," akaruka. "Kuna sheria hiyo? Tangu lini?"

Na "urejelezaji" je? Nimelitumia katika makala haya kwa kuwa limeenea, hasa kwa ndugu zetu wa Tanzania, lakini nakiri kwamba nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni jambo linalohusu marejeleo ya tasnifu. Fundi naye akilisikia atafikiri tunamdai orodha ya vitabu. "Uchakataji" ni neno lenye heshima zake, ila tunachakata samaki, tunachakata data, na sasa betri, limekuwa gunia. "Uchumi wa mzunguko" linaeleweka upesi kwa yeyote aliyesoma mzunguko wa maji shuleni. Tatizo ni kwamba Mkenya aliyewahi kufuata kitambulisho anajua vizuri maana ya kuzungushwa, na huenda akadhani huo ndio uchumi tunaomletea. Bado nalichagua hilo. Neno linaloweza kutaniwa ni neno lililokwisha kuingia mjini.

Kwa upande wa betri iliyotoka barabarani ikapewa kazi nyingine, wataalamu wetu wanapendelea "betri ya maisha ya pili". Linanukia tafsiri. Wakenya wana neno lenye ukwasi kuliko hilo, nalo ni mtumba. Mwanamke wa Gikomba akiifungua belo anajua daraja la kwanza, la pili na la tatu. Anajua kupima, kunusa, kuvuta mshono, kukataa. Hajawahi kudhani kwamba nguo iliyovaliwa imekufa, wala hadanganyiki kwamba zote ni sawa. Betri ya mtumba ni betri iliyopimwa ikapangiwa daraja. Hizo akala zinazotengenezwa kwa magurudumu makuukuu, na koroboi zilizotokana na mikebe, zilikuwapo kabla ya yeyote kutuletea semina kuhusu uchumi wa namna hii. Maarifa tunayo na msamiati wake tunao, ila hatuuandiki.

Nafahamu pingamizi litakalotolewa. Patakuwa na mhadhiri atakayesema istilahi huundwa na vyombo maalumu, na kwamba tukianza kuokota maneno karakanani tutaishia na vurugu. Namheshimu, lakini nakumbuka rununu na tarakilishi. Maneno hayo tuliyapenda sana miaka ile. Yaliandikwa vitabuni, yakatahiniwa, na mwanafunzi alipotoka chumba cha mtihani akampigia mama yake simu. Runinga ilibahatika. Aliyeunda rununu hakukosa elimu. Alikosa wa kumuuliza. Wengine watasema Kiingereza kinatosha, maana mafundi wanaelewa kidogo. Ni kweli, wanaelewa kidogo. Kwa kifaa cha volti mia nne hicho kidogo ndicho kinachoua. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwenye kuziunganisha ibara hizo mbili katika onyo la betri hajatokea.

Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme inayouzwa huko iwe na pasipoti ya kidijitali: ilikotoka, imeundwa kwa nini, imebakiwa na uwezo gani. Msafiri huyo atakapomaliza miaka yake Ulaya au Japani na kushushwa bandari ya Mombasa, tungependa pasipoti yake isomeke kwa lugha ya anayempokea. Hilo halihitaji kiwanda wala mkopo. Linahitaji Shirika la Ubora wa Bidhaa lidai maonyo ya Kiswahili kwenye kila betri kama sharti la kuingia, na linahitaji watu wa kuyaandika vizuri. Hao wa kuyaandika ni akina nani kama si sisi? Kila mwaka tunatoa tasnifu kadhaa za istilahi, na nyingine zinachunguza istilahi zilizochunguzwa. Napendekeza chama chetu kitenge muhula mmoja, kitume wanafunzi kwenye karakana za miji ya vyuo vyetu wakakusanye maneno ya umeme na betri kama yanavyosemwa, kisha ndipo tukae na wahandisi.

Tumeanza kidogo. Mimi na wenzangu wawili wa bweni tuliandika rasimu ya lebo ya mistari sita, tukairudisha kwa yule fundi wa Eldoret. Aliisoma polepole akiwa na penseli sikioni, kisha akaitoa. "Mzunguko mfupi" alilikata akaandika "shoti", nasi tulilitarajia hilo. "Isipate joto linalozidi nyuzi 60" aliiuliza: nyuzi za nini? Nani ana kipimajoto? Akaandika, "Usiache juani wala karibu na jiko." "Usiifungue" aliiacha, ila akaongeza maneno mawili, "kama hujafunzwa", maana yeye ataifungua tu, alisema, na afadhali lebo imwambie ukweli. "Ikivimba, itoe nje ya nyumba" ni mstari wake wote. Sisi hatukujua kwamba huvimba.

Mwishoni tulikuwa tumeandika, kwa fahari, "Betri ikichoka, usiitupe. Irudishe." Aliutazama mstari huo muda mrefu kuliko mingine. Duka lililomuuzia binamu yangu lilikuwa limekwisha kufungwa, nambari ya simu haipatikani. "Irudishe wapi?" akauliza. Nafasi ya kuandika mahali hapo tumeiacha wazi kwenye lebo, na betri bado iko chini ya meza yake.